Trasti Marekani: mwongozo kamili wa kutumia sheria mpya za majimbo kupanga mirathi yako, na jinsi ya kulisukuma jimbo lako lirekebishe zake

Watu wetu wengi huku Marekani wakisikia trasti wanadhani ni mambo ya mabilionea wa Manhattan, na huku wao wenyewe wana nyumba ya dola laki nne au tano, akaunti ya kustaafu, bima ya maisha kazini, watoto watatu ambao hawajafika miaka 18 na kiwanja Kitengela au Kibaha, na hakuna hata karatasi moja inayosema nani atashika nini wao wakifa kesho. Afu msiba ukitokea ndio michango inaanza na ndugu wanagombana kwenye WhatsApp. Inauma, na karibu yote ingezuilika kwa makaratasi ya wiki chache.

Nitaenda hatua kwa hatua. Mimi naamini familia nyingi hazihitaji zile trasti za kifahari zinazotangazwa mtandaoni, zinahitaji trasti ya kawaida iliyoandikwa vizuri na ikajazwa mali kweli, halafu zinahitaji jimbo lenye sheria ya kisasa, na hilo la pili wewe mwenyewe unaweza kulisukuma.

Elewa kwanza kwanini majimbo yanashindania trasti

Trasti ni hivi: unamkabidhi mtu au kampuni (huyo ndio mdhamini) mali yako aishike kwa faida ya watu uliowataja, kwa masharti uliyoyaandika wewe. Mtu wa pwani aliyekua akisikia habari za wakfu ataelewa haraka, ila hapa wanufaika wanaweza kuwa watoto wako tu na masharti unapanga mwenyewe.

Sheria ya trasti Marekani haitungwi na serikali kuu, kila jimbo lina yake. Zamani tofauti hazikuwa kubwa, na karibu kila jimbo lilifuata kanuni ya Kiingereza inayotokana na kesi ya mwaka 1682, kwamba huwezi kufunga mali milele, mwisho ni maisha ya mtu aliye hai leo ukijumlisha miaka 21. Idaho iliifuta kanuni hiyo mwaka 1957 na Wisconsin mwaka 1969 na hakuna aliyeshtuka. Mambo yalibadilika na South Dakota. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jimbo lile maskini la wakulima chini ya gavana William Janklow lilifuta kikomo cha riba ya mikopo, Citibank ikahamishia biashara yake ya kadi za mkopo Sioux Falls, na mwaka 1983 likafuta ile kanuni ya muda. Mwaka 1986 serikali kuu ikaleta upya kodi ya mali inayoruka kizazi (mfano babu akimwachia mjukuu moja kwa moja), na hapo trasti isiyokufa ikawa na thamani kubwa sana kwa matajiri, kwasababu mali ikishaingia ndani vizuri haikatwi kodi ya mirathi kila mzee akifa.

Baada ya hapo ikawa mbio. Delaware ikaifuta kanuni ya muda 1995, Alaska ikaja 1997 na sheria ya kwanza inayomruhusu mtu aweke mali kwenye trasti, abaki mnufaika mwenyewe, na bado wadai wasiiguse, Delaware ikajibu mwaka huohuo, Nevada ikafuata 1999. Leo Nevada inaruhusu trasti miaka 365, Wyoming 1,000, na Florida nayo ilipandisha hadi 1,000 mwaka 2022. Watafiti wawili wa sheria, Robert Sitkoff na Max Schanzenbach, walipima wakakuta kwamba hadi 2003 karibu dola bilioni 100 zilikuwa zimehamia kwenye majimbo yaliyofuta kanuni ya muda. Na South Dakota ilipofika 2020 kampuni zake zilikuwa zinashika zaidi ya dola bilioni 350.

Sasa usidanganyike na hizo namba. Hizo bilioni hazipo Sioux Falls, hisa zipo New York, nyumba zipo California, kilichopo Sioux Falls ni ofisi, mawakili, wahasibu na ada wanazolipa kampuni. Ni faida ya kweli kwa mji mdogo, lakini sio ile ambayo mwanasiasa anaahidi kwenye hotuba. Tutarudi hapo hatua ya mwisho.

Hatua ya 1: Andika orodha ya mali, na jina lililopo kwenye kila kitu

Chukua karatasi. Kila mali iandikie vitu vitatu: ipo wapi, imeandikwa jina la nani, na je ina mrithi aliyetajwa tayari. Nyumba, gari, akaunti za benki, 401(k) (akaunti ya kustaafu ya kazini), bima ya maisha, hisa, biashara, ardhi ya nyumbani, hata hela uliyomkopesha shemeji. Hicho cha tatu ndicho watu hukiruka. Akaunti ya kustaafu na bima zinaenda kwa mtu uliyemwandika kwenye fomu, haijalishi wosia unasema nini, na wako watu wengi sana ambao fomu zao bado zina jina la mke wa zamani au la kaka yao kwasababu walijaza siku ya kwanza kazini, hawajaoa, na hawakuiangalia tena.

Hatua ya 2: Pima kama unahitaji trasti kabisa

Sio kila mtu anahitaji. Inategemea jimbo, na hapa ndipo sheria ya jimbo inapogusa mfuko wako.

Chukua California. Mtu akifa bila trasti na nyumba yake ina thamani ya dola 900,000, kesi ya mirathi mahakamani ina ada zilizowekwa na sheria: asilimia 4 ya laki ya kwanza, asilimia 3 ya laki ya pili, asilimia 2 ya laki nane zinazofuata. Ukipiga hesabu ni 21,000 za wakili, na msimamizi wa mirathi naye ana haki ya 21,000 zake. Na wanahesabu thamani nzima ya nyumba, deni la benki halitolewi, yaani hata kama unadaiwa 600,000 bado ada inapigwa kwenye 900,000. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 California imeweka njia rahisi kwa nyumba ya kuishi isiyozidi 750,000, ambayo ni nafuu kubwa, lakini bado unapita mahakamani.

Sasa nenda Texas. Kule wosia ulioandikwa vizuri ukimpa msimamizi uhuru wa kufanya kazi bila kuulizwa na jaji kila hatua, mirathi inaenda haraka na sio ghali sana. Tena Texas, Minnesota, Washington na Ohio zinakuruhusu kusajili hati kwamba nyumba imhamie mtoto au mwenza ukifa, bila mahakama. Kwa mtu mwenye nyumba moja na watoto wakubwa wenye akili zao, hiyo hati na fomu za benki zinaweza kutosha kabisa.

Trasti inakuwa ya lazima, kwa maoni yangu, ukiwa na mojawapo ya haya: watoto wadogo, mtoto mwenye ulemavu anayepata misaada ya serikali (huyo anahitaji trasti ya aina yake, usiandike mwenyewe), nyumba katika majimbo mawili, ndoa ya pili yenye watoto wa kwanza, au jimbo lenye mirathi ghali.

Hatua ya 3: Chagua aina

Kuna mbili kubwa. Ya kwanza ni trasti unayoweza kuivunja wakati wowote ukiwa hai. Wewe ndiwe mwenye mali, mdhamini na mnufaika kwa pamoja, unaendelea kuishi kama kawaida, kodi unalipa kwa namba yako ileile. Haikulindi na wadai hata senti moja. Kazi yake ni kukwepa mahakama ya mirathi, kupanga watoto, na kuweka mtu wa kushika mambo ukiugua ukashindwa kujisimamia. Asilimia kubwa ya wasomaji hapa wanataka hii, na wakili kwa kawaida atakuchaji kati ya dola 1,500 na 5,000 kutegemea mji.

Ya pili ni isiyovunjwa. Mali ikiingia imetoka mikononi mwako kweli. Hapa ndipo kuna ulinzi dhidi ya wadai, mipango ya kodi, na zile trasti za vizazi. Daktari, mwenye kampuni ya malori, mwenye nyumba kumi za kupangisha, huyo ana sababu ya kuiwaza. Mwingine yeyote akiambiwa na mtu wa YouTube kwamba anaihitaji, aulize maswali mengi kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Soma sheria ya jimbo lako kwa mambo matano

Huhitaji kuisoma yote. Majimbo zaidi ya 30 yamechukua sheria ya mfano inayoitwa Uniform Trust Code, iliyotolewa mwaka 2000 na tume inayoandika sheria za mfano kwa majimbo yote. Minnesota kwa mfano iliianza Januari 2016, Connecticut Januari 2020. Ingia tovuti ya bunge la jimbo lako, tafuta sura ya trasti, kisha angalia haya:

Je, mdhamini anaweza kumimina mali kutoka trasti ya zamani yenye masharti mabovu kwenda mpya? New York ndio ilikuwa ya kwanza kuandika hilo kwenye sheria, mwaka 1992, na kuna sheria ya mfano ya 2015. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, kwasababu maisha yanabadilika, mtoto uliyemwachia hela zote akifika miaka 25 anaweza kuwa mlevi akifika 24.

Je, kazi za mdhamini zinaweza kugawanywa? Yaani kampuni ishike mali na makaratasi, mtu mwingine aamue uwekezaji, na mjomba anayewajua watoto aamue nani apewe nini. Delaware ilijenga biashara nzima juu ya hili, na sheria ya mfano ilitoka 2017. Bila sheria hii kampuni nyingi hazitakubali kushika duka lako au ardhi yako, zinaogopa kushtakiwa kwa maamuzi ambayo sio yao.

Je, wanufaika na mdhamini wanaweza kukubaliana mabadiliko madogo kwa maandishi bila kwenda kwa jaji?

Je, wanufaika wanapewa taarifa? Sheria ya mfano inasema trasti isiyovunjwa ikianza, mdhamini awajulishe wanufaika ndani ya siku 60. South Dakota inaruhusu mwenye mali azime taarifa hiyo hata kwa miaka mingi. Watu wengine wanaipenda, wanasema kijana akijua ana hela ataacha shule. Mimi siipendi, mnufaika asiyejua hawezi kumkamata mdhamini mwizi.

Na la tano, mwenza wako ana haki gani ambayo huwezi kuiandika nje? Texas, California, Washington na Arizona nusu ya mlichochuma kwenye ndoa ni cha mwenza. Florida mwenza anaweza kudai asilimia 30, na mali iliyo kwenye trasti ya kuvunjika inahesabiwa humo. Hili liwe wazi hasa kwa Waislamu wanaotaka mirathi igawanywe kisharia. Inawezekana kabisa kwenye trasti, ila andika mafungu yenyewe, thumuni kwa mke, mafungu mawili kwa mtoto wa kiume na moja kwa wa kike, na nani anahesabu familia ikibadilika, usiandike tu "igawanywe kwa sharia" kwasababu jaji wa kaunti hana pa kuanzia na anaweza kukataa kutafsiri dini. Na mwenza ambaye fungu lake ni dogo kuliko haki yake ya jimbo asaini kwamba ameelewa na amekubali, awe na wakili wake.

Hatua ya 5: Ubaki jimboni kwako au utoke?

Kwa trasti ya kuvunjika, baki. Kwenda South Dakota kwa ajili ya nyumba ya Lowell, Massachusetts, ni kupoteza hela.

Kwa isiyovunjwa, majimbo kama 20 hivi sasa yanaruhusu ulinzi ule wa Alaska. Ukitaka kuutumia unahitaji mdhamini mkazi au kampuni ya jimbo lile, kazi fulani ifanyike kule kweli, kifungu cha kuwazuia wadai, na sehemu nyingine kama Ohio na Tennessee kiapo kwamba hudaiwi kiasi cha kushindwa kulipa. Muda wa mdai kulalamika unatofautiana, Ohio miezi 18, Nevada na South Dakota miaka miwili, Delaware na Alaska minne.

Lakini sikiliza hapa vizuri. Mwaka 2013 kwenye kesi ya Huber, mahakama ya kufilisika Washington ilimkuta mkazi wa Washington aliyeanzisha trasti Alaska wakati biashara yake ya majengo inaenda kombo, mali karibu zote zipo Washington, na wadai wapo Washington. Jaji akasema sheria ya Alaska haina nafasi hapo, trasti ikaanguka. Na sheria ya kufilisika ya serikali kuu tangu 2005 inaruhusu kurudi nyuma miaka 10 kama mtu alihamisha mali kwa nia ya kuwakwepa wadai. Kwa hiyo miaka miwili ya South Dakota sio ngao ukiishia kufilisika. Kama tayari umeshtakiwa au unaona kesi inakuja, umechelewa, na wakili anayekwambia bado muda upo anakupeleka pabaya.

Tena kuna jambo la utu. Nevada haitoi nafasi ya pekee kwa matunzo ya mtoto dhidi ya trasti hizi. Mtu asitumie hii mipango kumkimbia mwanaye.

Hatua ya 6: Mdhamini, na mtego wa ndugu aliyepo nyumbani

Hapa ndipo familia zetu zinaumia na mawakili wengi wa huku hata hawaulizi. Sisi tunamwamini kaka mkubwa Mombasa au dada Mwanza kuliko mtu yeyote, tunamwandika awe mdhamini tukifa. Kwa macho ya kodi ya Marekani, trasti ni ya ndani kama mahakama ya Marekani inaweza kuisimamia na watu wa Marekani, yaani raia au wakazi wa kikodi, ndio wanaoamua mambo yote makubwa. Kaka yako wa Mombasa asiye na grinikadi akipewa uamuzi wa jambo moja tu kubwa, trasti inaweza kugeuka ya kigeni, na hapo zinakuja fomu 3520 na 3520-A, na faini ya kutozijaza inaanzia dola 10,000, na kwa ile 3520 inaweza kuwa asilimia 35 ya kilichohamishwa kama hiyo ni kubwa zaidi. Ikitokea kwa bahati mbaya, kwa mfano mdhamini amefariki na anayefuata yupo nje, kuna miezi 12 ya kurekebisha.

Sasa ufanyeje na kaka? Mwandike kama mlezi wa watoto ikiwa ndivyo unavyotaka, mwandike kama mtu wa kushauriwa, mpe nafasi ya kuzungumza, lakini uamuzi wa mwisho uwe kwa mtu aliyepo hapa. Andika mdhamini wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wa tatu awe kampuni. Kampuni zinachaji asilimia ya mali kila mwaka na nyingi zina kiwango cha chini, kwa hiyo piga simu uulize kwanza kama zitakubali trasti ya ukubwa wako.

Hatua ya 7: Vifungu vya kudai kwenye hati

Ukienda kwa wakili nenda na orodha hii na uulize kila kimoja kipo ukurasa gani. Ruhusa ya kuhamisha makao ya trasti kwenda jimbo lingine, kwasababu sheria zinabadilika kila mwaka na jimbo lako la leo linaweza kubaki nyuma. Ruhusa ya kumimina. Mlinzi wa trasti, yaani mtu wa tatu mwenye nguvu ya kumfukuza mdhamini na kurekebisha masharti ya kodi. Kifungu cha kuwazuia wadai wa watoto, maana hela ya mwanao ikiwa ndani ya trasti yenye kifungu hicho mdai wa ajali au mtalaka wake hawezi kuichukua kirahisi. Umri wa kukabidhiwa kwa awamu badala ya mkupuo. Na ruhusa ya kutuma hela nje kwa wazazi, iandikwe wazi kiasi gani, kwasababu mdhamini mwoga akikuta haipo ataacha kumtumia bibi hela ya dawa siku uliyofariki.

Hatua ya 8: Jaza trasti. Rudia tena: jaza

Trasti isiyo na mali ndani ni kabrasha tu. Watu wanalipa elfu tatu, wanapewa binda nzuri yenye jina la dhahabu, wanaiweka juu ya kabati, na nyumba bado ipo jina lao. Wakifa familia inaenda mahakamani vilevile.

Tuseme wewe ni nesi Columbus. Jumatatu moja ya mapumziko yako unafanya hivi. Wakili anaandaa hati mpya ya nyumba kutoka jina lako kwenda kwa wewe kama mdhamini wa trasti, na jina la trasti liandikwe pamoja na tarehe yake kamili, maana trasti inatambulika kwa tarehe. Unasaini mbele ya nothari, unaisajili ofisi ya kaunti. Deni la benki lisikutishe, sheria ya serikali kuu ya 1982 inamzuia mkopeshaji asidai mkopo wote kwa nyumba uliyoihamishia kwenye trasti yako ukiendelea kuwa mnufaika na kuishi humo. Piga simu kwa bima ya nyumba siku hiyohiyo waongeze trasti kwenye sera, hili likisahaulika nyumba ikiungua unaanza mabishano.

Kisha benki. Usiwape hati nzima ya trasti, wape cheti cha trasti, kurasa chache zinazoonyesha jina, tarehe, mdhamini na mamlaka yake, kwasababu nani anarithi nini haimhusu karani wa dirishani. Baadhi ya makarani hawajawahi kukiona, uliza meneja. Akaunti inabadilishwa jina au inafunguliwa mpya.

401(k) na IRA (akaunti ya kustaafu unayojifungulia mwenyewe) usizihamishe majina, kufanya hivyo ni sawa na kuzitoa zote na kodi inakuja kwa mkupuo. Badilisha fomu ya mrithi tu, na kama unataka trasti iwe mrithi kwa ajili ya watoto wadogo muulize wakili kuhusu kanuni ya miaka 10 ya kutoa hela. Na mwisho saini wosia mfupi wa kufagia, unaosema chochote kilichosahaulika kiingie kwenye trasti.

Hatua ya 9: Ardhi ya nyumbani iache nje

Trasti ya Minnesota haiendeshi shamba la Nakuru. Ardhi inafuata sheria ya nchi ilipo, na kuna kifungu cha katiba ya Kenya ya 2010, namba 65, kinachosema asiye raia anaweza kuwa na ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na mali iliyo kwenye trasti inahesabiwa ya raia pale tu ambapo faida yote ni ya raia. Yaani ukiweka shamba kwenye trasti na mmoja wa watoto wako waliozaliwa Boston hana uraia wa Kenya, umejiletea tatizo mwenyewe. Kenya inaruhusu uraia pacha, basi washughulikie watoto karatasi zao mapema. Kenya nayo mwaka 2021 ilirekebisha sheria yake ya wadhamini ikazitambua rasmi trasti za familia, kwa hiyo unaweza kutengeneza ya pili kule kwa ajili ya mali za kule. Tanzania haina uraia pacha na ardhi kwa asiye raia ina masharti yake, ulizia hadhi maalum ya diaspora na mwanasheria wa huko kabla ya kuandika chochote. Wosia wa nyumbani na trasti ya huku kila kimoja kiseme wazi kwamba hakifuti kingine.

Hatua ya 10: Kodi kwa kifupi

Kodi ya mirathi ya serikali kuu inaanza juu ya dola milioni 15 kwa anayefariki 2026, wengi wetu haitugusi. Majimbo ndio ya kuangalia: Oregon inaanzia milioni 1, Massachusetts 2, Minnesota 3, na hapo nyumba, bima na akaunti ya kustaafu vikijumlishwa mtu wa kawaida anafika. Mwenza asiye raia wa Marekani hapati ule msamaha wa kurithi bila kikomo, kuna trasti maalum kwa ajili yake yenye mdhamini wa Marekani. Na kwa ndugu anayeishi nyumbani ambaye si raia lakini ana hisa au nyumba huku, msamaha wake ni dola 60,000 tu.

Kwa kodi ya mapato, mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kauli moja, kwenye kesi ya familia ya Kaestner, kwamba North Carolina haiwezi kuikamua trasti ya New York kodi, iliyokuwa zaidi ya dola milioni 1.3, kwasababu tu mnufaika anaishi North Carolina, na hajapokea hata senti wala hana haki ya kudai. Ila usiruke kwa furaha, California na New York zimeshafunga mianya kadhaa ya kukimbilia Nevada, New York mwaka 2014 na California 2023.

Hatua ya 11: Lisukume jimbo lako

Hii ndio sehemu watu wetu hawaigusi, na ndio yenye matunda ya muda mrefu. South Dakota haikufika pale kwa bahati. Tangu 1997 kuna kikosi kazi cha gavana, mawakili na watu wa kampuni za trasti, wanakaa na kupendekeza marekebisho, bunge linakaa Januari hadi Machi, na sheria inaanza Julai 1. Kila mwaka. Majimbo mengine yanangoja miaka ishirini afu yanashangaa biashara imeenda wapi.

Wewe fanya hivi. Tafuta kitengo cha mirathi na trasti cha chama cha mawakili cha jimbo lako, ndio wanaoandika rasimu nyingi. Angalia kama jimbo limechukua sheria za mfano za 2015 na 2017 nilizotaja, na ile ya 2022 ya hati za mirathi za kielektroniki. Kama hazipo, mwandikie mbunge wa jimbo lako barua fupi ya ukurasa mmoja, mweleze familia moja, nyumba moja, gharama moja, mwambie jirani zenu wameshapitisha. Chama cha Wakenya, Watanzania au Wakongo cha mji wenu kikisaini pamoja ina uzito zaidi, hasa sehemu kama Iowa na Maine ambako wabunge wa majimbo wanapokea simu wenyewe. Mswada ukifika kamati, kikao ni cha wazi, unajiandikisha na kuongea dakika mbili tatu.

Na ukiongea, usiunge mkono kila kitu kwa jina la kuvutia biashara. Mwaka 2021 nyaraka za Pandora, zile za siri za kifedha zilizovujishwa kwa waandishi wa habari, zilionyesha trasti 206 za Marekani zenye wateja wa nje, 81 kati yake South Dakota, na baadhi ya wateja walikuwa wameshatuhumiwa mambo mazito makwao. Sisi tunaotoka nchi ambazo pesa za umma hukimbizwa tunajua hela hizo zilikuwa dawa na barabara za nani. Kwa hiyo omba kumimina, omba mgawanyo wa kazi, omba makubaliano bila mahakama na saini za mtandaoni. Omba pia kwamba matunzo ya watoto yapite mbele ya ulinzi wowote, wanufaika wajulishwe, kampuni za trasti zikaguliwe na jimbo kama benki zinavyokaguliwa na zijue mteja wao ni nani. Muulize mleta mswada ajira ngapi zitabaki jimboni na mapato gani yataingia, ajibu kwa maandishi.

Mswada ukipita, rudi kwa wakili wako na hatua ya 7 mkononi, muulize kifungu gani cha trasti yako kinahitaji kubadilishwa na tarehe gani sheria inaanza kufanya kazi. Trasti ya kuvunjika inarekebishwa kwa karatasi moja mbele ya nothari, isiyovunjwa ndio utaona umuhimu wa kumimina.